Niliandika "Aliteleza"

Admin, jina langu lifiche, na wakikuuliza inboksi usiwaambie. Mimi ni mzee wa miaka sabini na minane, mkulima wa chai na ng'ombe wawili huku upande wa Sosiot. Najua ukurasa huu umezoea visa vya mabibi waliotoroka na mabwana wenye nyumba mbili. Changu ni cha mpira. Msicheke bado.

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa karani wa kupima majani kwenye shamba moja kubwa la chai karibu na Kericho, na Jumamosi nilikuwa refa. Kila kambi ya wafanyakazi ilikuwa na timu yake. Washika vibendera hatukuwa nao, ni mimi na filimbi yangu tu. Mwaka mmoja nikatoa penalti ambayo haikuwepo. Sikuhongwa. Niliona mpira umeguswa kwa mkono, kumbe ni bega. Wiki nzima wachumaji walinizomea mbele ya mizani, na mke wangu akawa anarudi kuteka maji akilia kwa maneno aliyoambiwa huko.

Hapo nikajifunza ujanja ambao nadhani marefa wengi wanaujua na hawausemi. Ukipiga filimbi kimakosa, uwanja mzima umekuona. Usipoipiga, watu watasema, "Ah, hakuona," na watakusamehe. Tangu siku hiyo, nikiwa na shaka kidogo, nanyamaza. Nikasifiwa hata, eti refa mzuri, anaacha mpira uchezwe. Kichwa kikavimba.

Sasa kulikuwa na kijana kutoka Kisii, nitamwita Ombati ingawa si jina lake. Alikuwa mchumaji wa kibarua, anaishi kambini na mke mja mzito. Siku ya fainali mvua ilikuwa imetunyeshea saa nane kama kawaida yake. Dakika za mwisho Ombati akawapita wote, akabaki na kipa. Beki akamrukia kutoka nyuma kwa miguu yote miwili, viatu vikamshukia gotini. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Shaka haikuwepo, jamani, hata mlio wa lile goti niliusikia. Filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Nikamkumbuka mke wangu na machozi yake, nikaikumbuka ile penalti ya kwanza, nikaitema filimbi. Nikapunga mikono: endeleeni.

Kama ingeishia hapo ningesema ni udhaifu wa binadamu. Lakini pale shambani kulikuwa na desturi. Mchezaji akiumizwa na mwenzake uwanjani, alihesabiwa ameumia kazini, anapewa kazi nyepesi ya kulinda geti au kufagia kiwandani. Akijiangusha mwenyewe, shauri yake. Na aliyeamua ni refa, kwa karatasi. Jumatatu meneja msaidizi akanipa kalamu. Nikiandika kwamba alipigwa, ataniuliza mbona sikupiga filimbi. Nikaandika: "Aliteleza."

Mtu wa goti bovu hawezi kubeba kikapu cha majani kwenye miteremko ile. Mwisho wa mwezi Ombati akatolewa kambini. Nilikuwa kwenye mizani walipopita, mke wake godoro kichwani na tumbo mbele, yeye akifuata kwa fimbo. Nikajifanya nasoma kitabu cha majina. Akasimama mwenyewe akanisalimia.

"Refa, wewe usijali. Kama ungeona, ungepiga."

Hakurudi kwao. Alijifunza kushona viatu, akatulia huku sokoni, na miaka hii yote tumesali kanisa moja. Na mtetezi wangu ni yeye! Vijana wakitaka kumpiga refa, Ombati anainua fimbo yake na kuwaambia, "Mimi refa alininyima penalti na goti likaenda. Lakini hakuona, na mtu ambaye hakuona hana dhambi. Muulizeni huyu mzee." Wanacheka, na mimi nacheka nao, huku nikitamani ardhi ipasuke.

Jumapili iliyopita tuliketi kwenye benchi nje ya kanisa, sisi wawili tu.

"Refa, nikuulize kitu?"

"Uliza, ndugu yangu."

"Mimi nilikuwa najua ile siku nilipigwa. Niliisikia kwa mfupa. Lakini watoto wangu wamekua wakiambiwa baba yao alianguka mwenyewe akapoteza kazi. Mama yao akikasirika ananirushia hiyo maneno. Saa hii hata mimi sijui tena. Wewe ulikuwa karibu. Hata kama hukuona vizuri, ulifikiria nini?"

Sikuwa na wa kumwogopa. Meneja aliondoka zamani, beki tulishamzika, mke wangu pia. Nikafungua mdomo, na nilichosema ni hiki: "Siku hiyo kulikuwa na matope mingi, Ombati."

"Basi niliteleza," akasema. Halafu akanishukuru.

Ndugu zangu, aliponishukuru nilijichukia kuliko siku ile ya kalamu. Wakati ule nilikuwa kijana mwoga mwenye kazi ya kupoteza. Safari hii sikuwa na kisingizio. Nimemnyang'anya hata kile alichokuwa anakijua kwa mfupa wake.

Nikienda kumwambia, nitamvunja moyo uzeeni, maana ameniita rafiki miaka hamsini. Nikinyamaza, atazikwa akiamini alijiangusha, na watoto wake watasimulia hivyo kaburini kwake. Nyinyi mnaosoma hapa ni maelfu, na wako ambao wamewahi kufanyiwa kama Ombati. Hao ndio nataka kuwasikia. Nitukaneni kwanza, nimestahili, halafu mniambie: kama ingekuwa ni goti lako, ungetaka nije?