Buluu ya Jiwe Jeusi

Jumatatu saluni yangu hufungwa. Wanawake wa Kolwezi wanataka vichwa vyao viwe tayari kabla ya ibada, kwa hiyo Jumamosi ninasuka mpaka vidole vinakufa ganzi, Jumapili ninaimba kwaya, na Jumatatu ninayeyusha vioo. Rafiki zangu huniuliza kwa nini silali siku hiyo kama watu wengine. Nitalalaje, mimi mwenye tanuru langu uani?

Tanuru lenyewe halina sura ya kujivunia. Ni matofali ya kuhimili moto ambayo fundi mmoja aliyatoa katika tanuru kuukuu la kiwandani lililokuwa likibomolewa. Niliyapanga duara nyuma ya jiko, nikaweka kifuniko cha udongo juu na tundu la hewa chini. Hewa inapulizwa na mashine ya kukaushia nywele niliyoistaafisha baada ya kumuunguza mteja sikio. Mteja huyo mpaka leo hajanisamehe, lakini mashine imepata kazi inayoifaa. Makaa yakishika na mashine ikianza kunguruma, chungu kilicho ndani kinageuka chekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha kinawaka kwa weupe usioweza kutazamwa bila miwani ya mchomeleaji. Vipande vya kioo vinalegea, vinashikana, vinakuwa uji mzito.

Halafu ninamimina. Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Kioo kinashuka taratibu kama asali, kinajaa katika kalibu ya keki, na kwa muda mfupi kinawaka chenyewe. Nikishamimina, ninakifukia ndani ya majivu ya moto mpaka kesho yake, maana ukikiharakisha kupoa kinakupasukia mbele ya macho yako. Haya yote nilijifunza kwenye simu, na mengine kwa kuungua.

Baba yangu anaishi nami tangu mama alipofariki. Baba yake aliletwa kwa treni kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, naye mwenyewe akafanya kazi kiwandani mpaka alipostaafu. Mimi namwita tata, naye ananiita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Kila Jumatatu alikuwa anavuta kiti chake karibu na tanuru, ananung'unikia moshi, lakini haondoki. Alisema anapasha magoti joto. Pia alikuwa na kesi moja isiyokwisha: kona ile aliitaka kwa ajili ya kuku.

Kwa muda mrefu nilimimina rangi rahisi tu. Chupa za bia zinakupa kijani na kahawia bila kukusumbua. Siku moja tata, akiwa ameegemea kiti chake, akaniuliza kobalti ingetoa rangi gani ndani ya kioo. Nikamwambia simu inasema buluu.

Alicheka mpaka akakohoa. "Bleu? Mama, ile jiwe nilibebaka maisha yangu yote. Inaingiaka nyeusi, inatokaka nyeusi, banapakia mu kamyo, inaenda. Bleu iko wapi?"

Nikabaki nikifikiri. Mji wetu wote unakula kwa kobalti. Malori yanapita usiku na mchana kuelekea Fungurume na mpakani, kuna watu wamechimba mashimo ndani ya vyumba vyao vya kulala, na mashati yetu yote yana vumbi lake. Lakini rangi yake nani ameiona? Inaenda kuonekana kwingine. Nikaamua pale pale kwamba baba yangu ataiona, kwa mikono yangu, kabla hajafa. Wazo hilo lilinikaa rohoni, na mimi kitu kikishanikaa rohoni, wa kwangu wote wanajua hawatapumzika.

Jirani mchimbaji alinipa jiwe moja jeusi la ukubwa wa parachichi. Nikalichoma, nikafunga pua na mdomo kwa kitambaa, nikalitwanga hadi likawa unga. Kioo cheupe nilikipata kwa fundi madirisha, vile vipande anavyotupa. Lilipofika suala la kupima, tata akajifanya mkuu wa kazi. Mtu aliyezoea kupima kwa koleo la kiwandani hana habari na kijiko.

"Tia, mama, tia! Unaogopa nini? Jiwe iko mingi huku kwetu."

Nikatia kijiko kizima. Kesho yake nilipofukua majivu nilikuta kisahani cheusi tititi, kama kifuniko cha sufuria ya maharagwe. Watoto wa jirani walikicheka, nami nikacheka. Tata akakigeuza geuza na kutangaza ushindi. "Nilikuambia. Nyeusi."

Nikarudi kwenye simu. Kumbe kobalti ni kali kupita pilipili: unahitaji kiasi cha ncha ya kisu tu. Jumatatu iliyofuata nikatia kidogo sana, nikamimina, nikafukia. Asubuhi nilipofukua na kukipandisha kisahani juani, nilipiga vigelegele peke yangu uani kama bibi harusi asiye na wageni. Buluu! Buluu nzito, safi, ya kukutoa machozi. Majirani wakachungulia juu ya ukuta kuuliza nani amejifungua.

Nikamkimbilia tata. Akakishika kwa mikono miwili, akakielekeza kwenye jua, akakitazama kwa umakini aliokuwa nao siku zote kwenye mambo ya kazi.

"Ni nyeusi," akasema. "Safari hii umeipunguza kidogo, lakini ni nyeusi."

Nilidhani ananitania, kwa sababu kutania ndiyo kazi yake ya uzeeni. Halafu nikaona uso wake hauna utani. Basi nikajiambia labda yuko sahihi, labda mimi ndiye ninayeona ninachotaka kuona. Nikapunguza unga. Akasema nyeusi. Nikapunguza tena. Akasema sasa ni kama maji machafu. Nikapunguza mpaka buluu ikabaki ya mbali tu, ile ya shati lililofuliwa mara nyingi. Akanirudishia kisahani kwa upole.

"Hii sasa umerudia kioo ya dirisha, mama. Usichoke."

Hasira ilinipanda. Siku ile nilimwekea bukari, ugali wetu, mezani bila neno, nikampa mgongo. Yeye akala, akanawa, akanishukuru, na akaniuliza kama leo nina mafua. Hapo nikazidi kukasirika.

Jumamosi nikavitundika visahani vyangu vya buluu dirishani mwa saluni, nzito mpaka hafifu, ili wateja waamue. Tata alipopita kunywa chai yake ya saa nne, nilikuwa nimeshika kichwa cha mama mmoja na wengine wanne wanangoja zamu. Nikauliza kwa sauti: "Bamama, ile pale ni rangi gani?"

"Bleu!" wakajibu wote, kama kwaya.

Tata akatabasamu. "Munamutetea juu anabasuka nywele. Mi nabajua."

Mlangoni alikuwa amesimama dereva wa lori kutoka Dilolo, mtu tusiyemjua, amemleta mke wake asukwe. Hakuwa na kesi na yeyote. Tata akamgeukia kama shahidi. "Weye kijana, hauna ndugu humu. Ile kioo ya mwanzo, ni rangi gani?"

Dereva akamtazama, akanitazama mimi, akaona aibu kama mtu aliyeingizwa katika ugomvi wa nyumba. "Tata, ni bleu," akasema kwa heshima. "Bleu kabisa."

Tata aliweka kikombe chini, akaenda mpaka dirishani, akasogeza uso karibu na kisahani kile mpaka pua ikakigusa. Alikaa hivyo muda mrefu. Mimi nilikuwa bado na nywele za watu mkononi, na hasira yangu yote ilikuwa imeondoka, mahali pake pamekaa woga.

Aliporudi hakunitazama. "Mama," akasema polepole, "mi naona nyeusi."

Muuguzi wa macho hospitalini alikuwa mwanamke mchangamfu. Alimulika jicho la kwanza, akamulika la pili, akatuambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ugonjwa huo ulikuwa umekaa humo miaka mingi ukikua kidogo kidogo. "Jicho yake iko kama dirisha ya jikoni, mafuta imejipaka," akatueleza. "Bleu njo inakufaka ya kwanza. Muntu mwenyewe hajue, juu inaenda polepole." Wangemfanyia moja kwanza, kisha jingine. Kazi ya muda mfupi tu.

Tata akashukuru, akavaa kofia yake, akatoka. Nje ya lango akasema hapana.

Alikuwa na rafiki wa kazi aliyewahi kupasuliwa jicho zamani sana, huko mbali, akarudi haoni hata mwanga. Habari hiyo tulisimuliwa asubuhi, mchana na jioni. "Nyeusi ninaijua," alisema. "Giza siijui, na sitaki kuijua." Nilimbembeleza. Nikamwita mchungaji amweleze. Nikamnyima chumvi, jambo ambalo halikusaidia chochote. Alikuwa anaogopa, baba yangu, mtu aliyesimama mbele ya matanuru makubwa bila kupepesa macho, na mimi niliogopa pia, kwa sababu usiku nilifikiri: je, ikiwa yaliyompata rafiki yake yatampata na yeye?

Mwishowe uvumilivu wangu ulikwisha. Jumatatu moja nikiwa nimelowa jasho mbele ya moto, nikamwambia: "Sawa, tata. Twende bafungue jicho moja. Ukirudi ukaona ile kioo bado ni nyeusi, mi mwenyewe nabomoa hii moto yangu. Mukono yangu mwenyewe."

Alifikiri. "Na fasi yake?"

"Weka kuku."

"Na bata?"

"Bata pia. Hata mbuzi, ukitaka."

Akatazama kona ile, akapima kwa macho yake mabovu upana wa banda. "Njo twende," akasema. Mpaka leo sijui kama ni kuku waliomshawishi au alikuwa anatafuta sababu ambayo mwanaume anaweza kuisema bila aibu. Nafikiri nilijua, na nikamwacha na kuku wake.

Siku ya kumfungulia bandeji niliingia naye. Muuguzi alibandua plasta taratibu, akampangusa, akamwambia afumbue. Tata akafumbua. Akatazama ukuta, akatazama vidole vyake, akatazama koti la muuguzi, akasema tu kwamba taa yao ni kali. Hakuna zaidi.

Tukapanda teksi kurudi nyumbani. Karibu na shule ya mtaani kwetu tulikwama, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanatoka na barabara ilijaa. Tata alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Ghafla akanishika mkono kwa nguvu.

"Tangu lini balibarudishia bleu, bale batoto?"

Nikamuuliza anasema nini. Akanionyesha sketi na suruali za watoto. Kwa miaka mingi, kila walipopita, alikuwa anatuambia kwamba shule ile inawavalisha watoto kama watu wa msibani, nasi tulimcheka tukidhani ni malalamiko ya mzee. Sare hiyo haijawahi kubadilika hata siku moja. Nilimwambia hivyo. Akawatazama watoto mpaka wa mwisho akavuka, na mimi nikalia ndani ya teksi ya watu bila kujificha, dereva akanipa karatasi ya kujifutia.

Nyumbani hakuketi. Alienda moja kwa moja mpaka dirishani mwa saluni, chumba cha mbele cha nyumba yetu, akakiteremsha kisahani kile cha buluu nzito na kutoka nacho uani, kwenye jua. Nilimfuata nikasimama pembeni. Habari ya kuku hakuitaja.

Alikiinua. Akaziba kwa kiganja jicho ambalo halijaguswa. "Bleu," akasema. Akahamisha kiganja upande wa pili. "Nyeusi." Akarudisha. "Bleu." Akahamisha tena, haraka zaidi, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea, "nyeusi, bleu, nyeusi, bleu," mpaka akaanza kucheka, na kicheko kikakatika katikati.

"Mama. Ile jiwe yote nilibebaka, yote, yote. Ilikuwa hii?"

"Ndiyo, tata. Ilikuwa hii."

"Na hata muntu mumoja hakutuonyesha."

Niliweka mkono mgongoni mwake, tukakaa hivyo, rangi ikimwangukia kwenye shati na kidevuni. Kisha akafuta uso kwa kofia, akaziba jicho lililopona, akakitazama kisahani kwa lile bovu peke yake, kwa dharau, kama mtu anayemtazama mfanyakazi mvivu.

"Hii ingine banaifungua lini?"

Nikamwambia muuguzi amesema la kwanza lipone vizuri, kisha tutapanga, hakuna haraka.

"Umupigie telefone," akasema. "Umupigie sasa."

Nikapiga.