Mlango wa Binti wa Mwalimu

Kasuku hakupewa jina hilo bure. Angeweza kuongea saa mbili bila kumeza mate, tena akalipwa. Kazi yake ilikuwa kusimulia filamu za kigeni katika ukumbi wa video nyuma ya duka la vipuri: anapunguza sauti ya filamu, anashika maikrofoni, anawasemea wote, muuaji, polisi, mpaka mbwa. Lugha ya filamu hizo aliiokoteza alipokuwa dobi wa hoteli, na pale ilipomshinda alitia chumvi. Watu walimpenda hivyo hivyo.

Zaidi ya zote alipenda filamu za mauaji yaliyotokea kweli. Damu ya kubuni ni rangi tu, alikuwa akisema, lakini ukijua kuwa huyo alikufa kwelikweli, mwili unakusisimka. Wala hakukubali kuitazama filamu kabla ya siku yake, maana alitaka kuogopa pamoja na watu wake. Mkewe alimwambia ipo siku mbwembwe hizo zitamtokea puani. Yeye akacheka.

Jumamosi ile moyo ulimwenda mbio tangu asubuhi. Filamu iliyofika ilihusu mauaji ya mji wao wenyewe! Wageni walikuwa wamesikia habari za binti wa Mwalimu, aliyeuawa nyumbani kwake miaka tisa nyuma na mwanamume ambaye binti huyo alimkatalia posa, wakaenda kutengeneza filamu huko kwao bila kumuuliza mtu. Kufikia saa nane mchana mabenchi yalikuwa yamejaa na wengine wamekalia madirisha.

Mara akaingia Mwalimu mwenyewe. Alistaafu zamani, lakini nusu ya ukumbi ule alikuwa ameufundisha kusoma, Kasuku akiwemo, na nafasi ya mbele ikapatikana papo hapo. Kabla ya kukaa alimwita Kasuku kando.

"Mwanangu, lugha yao siijui. Nataka kujua wamesema nini juu ya mtoto wangu. Usinifiche neno."

"Sikufichi, Mwalimu," alijibu Kasuku, na tuseme ukweli, alifurahi. Msimulizi gani aliwahi kupata mtazamaji kama huyo?

Akaanza kwa moto. Muuaji akipita gizani Kasuku alinong'ona, akikimbia Kasuku alihema, na ukumbi ulihema naye. Kisha hodi ikabishwa. Binti wa kwenye filamu akajitazama kwenye kioo, akatabasamu, akafungua mlango, akasema jambo. Safari hii lugha haikumshinda Kasuku hata kidogo. Aliisikia yote. Mlango wa kweli ulivunjwa kwa shoka; mji mzima uliona vipande vyake.

"Anasema: toka hapa, sikutaki!" alipayuka.

Lakini pale mbele binti alikuwa bado anatabasamu, anampisha muuaji apite. Huko nyuma mtu akaangua kicheko, miluzi ikafuata.

Mwalimu akasimama. "Amesema nini?"

Kasuku akaisimamisha filamu. Ile raha yote ilikuwa imemwisha, akabaki na aibu mwili mzima. "Amesema, 'Nilijua utarudi. Nilikuwa nakungoja.'"

Mwalimu akamsogelea. Kisha akamwambia airudishe mpaka kwenye ile hodi, azime sauti kabisa, ampe maikrofoni. Kasuku hakuwahi kumpa mtu maikrofoni yake, lakini siku hiyo aliitoa kwa mikono miwili.

"Hapa anapiga pasi sare zake za kazi," alianza Mwalimu, kwa sauti ile ile iliyowafundisha kuhesabu. "Hana habari na kioo. Hapa amesikia ni nani, anasukuma meza mlangoni. Meza hiyo ninayo mpaka leo. Sasa shoka linaingia."

Binti wa filamu alitabasamu tena, na hakuna aliyemtazama. Walimtazama Mwalimu, wamekaa kwenye ncha za mabenchi, pumzi wamezibana. Miaka yote ya kazi Kasuku hakuwahi kutamani kusikia neno linalofuata namna ile.

Mwalimu akawageukia.

"Nani alimfungulia?"

"Hakuna, Mwalimu," ukumbi ukajibu kwa pamoja.

"Sijasikia."

Wakarudia, na Kasuku, asiye na maikrofoni, alisikika kuliko wote.