Nyaya za Bi Glenys na Harufu ya Samaki

Kama ulitaka kupaka rangi mlango wako kule Castlemaine, mji wetu mdogo wa Australia, kwanza ulimpitia Glenys Tuckwell. Si kwamba sheria ilisema hivyo. Glenys, aliyekuwa naibu mkuu wa shule kwa miaka ishirini na sita, alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kutunza nyumba za kale, na mlango ukipakwa rangi asiyoipenda, alisimama mbele yake kila asubuhi na mbwa wake, akitikisa kichwa, mpaka mwenye nyumba aone haya. Mimi nilikuwa katibu wake, na nilikaa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo haya siyabuni.

Nyumba yake ya mbao ilijengwa mwaka 1924, na alijivunia nyaya zake kuliko wengine wanavyojivunia wajukuu. Zilikuwa zile zile za mwanzo, zimevikwa mpira na juu yake kitambaa, pamoja na swichi za mviringo za rangi ya kahawia. Kila mwezi wa Mei, siku ya kufungua nyumba kwa wageni, aliwakusanya sebuleni, akabonyeza swichi moja, akawaambia wasikilize ule mlio. Watu wazima na akili zao walisimama kimya wakisikiliza swichi.

Mumewe, Alwyn, kazi yake ilikuwa fyuzi. Hita na birika vikiwashwa pamoja, waya mwembamba ndani ya fyuzi ulikatika, na Alwyn akapanda kiti kufunga mwingine. Mwaka mmoja alichoka. Akafunga waya mnene, na fyuzi haikukatika tena. Glenys akatutangazia kikaoni kwamba nyumba sasa imetulia.

Fundi umeme wetu, Corrie Vandersluys, alikuwa amewahi kupanda darini mwake kurekebisha taa. Aliposhuka alisema mpira unapukutika ukiguswa, nyaya zote zibadilishwe, na nyumba iwekewe kikata umeme, kile kidude kinachozima umeme mara tu unapovuja, kabla haujaua mtu. Glenys alimjibu kwamba nyaya hizo zilikuwa zikifanya kazi kabla mama yake Corrie hajazaliwa. Akamshukuru, na hakumwita tena.

Basi nyumba ya jirani wakahamia Marilou na Rodel Abellanosa, watu wa Cebu, Ufilipino. Mwezi haujaisha, Glenys akasikia harufu ya samaki sebuleni kwake. Hakuhitaji uchunguzi. Alisimama kwenye uzio akamweleza Marilou, kwa sauti ile ya kusemesha watoto wa darasa la kwanza, kwamba mtaa huu watu huwafikiria majirani.

Marilou akaomba radhi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliacha kukaanga samaki wakavu jikoni, akahamia nyuma kabisa, karibu na banda la kuku. Halafu hata pale akaacha, akawa anakwenda kukaangia kwa binamu yake katika mji wa Bendigo, mwendo wa zaidi ya nusu saa. Harufu haikwisha. Glenys akaiandikia halmashauri barua tatu, na katika ya tatu alisema kwamba sasa wanakaanga kwa siri.

Siku ya wageni mwaka ule kulikuwa na baridi. Glenys alichomeka mabirika mawili makubwa ya chai na hita moja kwenye soketi moja nyuma ya kabati. Wageni kumi na moja walikuwa sebuleni wakingoja mlio wa swichi, mara harufu ikaja, nzito kuliko siku zote.

"Mtuwie radhi," Glenys akawaambia. "Ni majirani zetu. Tumewasema mpaka tumechoka."

Nilikuwa nimeshika sahani ya skoni, vile vimkate vya chai. Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa Marilou, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwalishia kuku.

"Glenys," nikasema, "hawapo. Wamekwenda Cebu kumzika mama yake Marilou. Leo ni wiki ya tatu."

Kisha mzee mmoja aliyetoka Geelong akaweka kiganja ukutani, juu ya kabati, akakiondoa haraka na kusema ukuta unachoma. Alwyn, ambaye sikuwahi kumwona hata akitembea upesi, alikimbilia sanduku la fyuzi akazing'oa zote. Wageni walimalizia chai yao barabarani.

Corrie alikuja mchana huo huo. Aliposogeza kabati tukaona soketi imeyeyuka na karatasi ya ukutani imekuwa nyeusi. Akatueleza kwamba vifaa vya umeme vikiungua polepole hunuka kama samaki, na kila fundi anaijua harufu hiyo. Kisha akafungua fyuzi, akauchomoa waya wa Alwyn.

"Mzee Alwyn, huu umeutoa wapi?"

"Ulibaki nilipofunga uzio."

"Kazi ya fyuzi ni kukatika, mzee wangu. Wewe umeikataza kufanya kazi."

Kuweka nyaya mpya kulichukua siku nane. Glenys alishinda ndani ya gari lililoegeshwa nje, hataki kuona za zamani zikitolewa. Siku ya pili nilimpelekea chai. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani analilia nyaya.

"Ningewaunguza watu kumi na moja, Merle," alisema.

Nikamshika mkono. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nilimpenda. Akanywa chai kidogo, akasema, "Usimwambie Marilou."

Nilikuwa nimeshamwambia kwa simu.

Marilou aliporudi hakuombwa radhi. Glenys aliiandikia halmashauri barua ya nne, kwamba tatizo la harufu limekwisha na anaondoa malalamiko, akatumbukiza nakala katika kisanduku cha barua cha jirani yake. Marilou aliisoma mara mbili, akaniuliza kama mahali fulani humo kuna neno samahani.

"Kwa Glenys, shoga yangu, hiyo nzima ndiyo samahani."

"Kwangu ni karatasi," akasema, akaenda kuitandika chini ya kuku.

Kikao kilichofuata, Glenys alizungumza dakika arobaini juu ya hatari ya nyaya za zamani, utadhani kikata umeme alikivumbua yeye. Samaki hakuwataja. Akapendekeza nyumba ya kila mwanachama ikaguliwe, na kusema kweli, hapo alifanya jambo jema. Corrie alipanda dari tisa, akakuta tano zina hali ile ile.

Ya tatu ilikuwa yangu. Muda wote nilipokuwa nikimcheka Glenys, mpira ulikuwa ukipukutika juu ya kitanda changu, na katika fyuzi ya jikoni marehemu mume wangu alikuwa amechomeka msumari. Corrie aliuweka mezani mbele yangu, akaniomba nimshikie ngazi.