Mama Anaumwa Kidogo

Juzi nilikuwa kwa fundi baiskeli kando ya ziwa, upande wa Geita. Bwana mmoja wa Didia alikuwa akizibiwa pancha huku akitusimulia matembezi yake. Pamba ameuza, baiskeli amenunua, na sasa ni siku ya nne anaufuata ufuko kwa raha zake tu.

Akatokea mjomba wake, amejaa vumbi, kofia ameivuta hadi masikioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama yako anaumwa kidogo. Twende nyumbani."

Upepo wa ziwa ukaipeperusha kofia. Kichwa kilikuwa kimenyolewa upya, kama anyolewavyo mfiwa. Fundi akaacha kujaza upepo. Yule bwana akaiokota kofia, akaikung'uta, akamrudishia mjomba wake kwa mikono miwili. Akaenda kununua sato wawili wakavu.

"Mama akipata mchuzi atapata nguvu," alisema.

"Atapata," mjomba akajibu, akamsaidia kuwafunga kwenye keria.

Kwetu msafiri huambiwa ugonjwa. Msiba ataukuta nyumbani. Nimewahi kuicheka desturi hiyo. Anayemwahi mgonjwa hukanyaga kwa nguvu, lakini bwana yule aliondoka polepole mno, maana kabla hajafika Didia, mama yake alikuwa bado anaumwa kidogo tu.