Marehemu Namba Sita Amerudi Baraka

Saa kumi na mbili asubuhi. Déogratias Byaombe, fundi viatu wa sokoni Baraka, mji wa kando ya ziwa, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, anatembea kinyumenyume uwanjani akimwaga majivu kutoka kwenye kopo lililotobolewa. Majivu huyaomba kwa akina mama wanaokausha samaki kwa moshi. Chokaa klabu haijawahi kuwa nayo. Mstari wa katikati umetoka umepinda. Anaufuta kwa mguu, anaanza upya.

"Akili haiko hapa," anasema. "Tangu mwezi wa tatu haijatulia."

Ukisikia yaliyomkuta, hutamshangaa.

Byaombe ndiye katibu wa Mwangaza, timu ya ligi ndogo ya Fizi iliyoanzishwa 1978. Wachezaji ni wavuvi na wakulima, nusu yao wanacheza na viatu vya plastiki. Historia yote ya klabu imo katika daftari moja la shule. Vita vilipoingia Baraka mwaka 1996, alivuka nalo ziwa akiwa amelifunga tumboni ndani ya mfuko wa nailoni.

Timu iliporudi kucheza mwaka 2004, alianzisha desturi. Kabla ya mechi ya kwanza ya kila msimu timu zote mbili husimama, naye husoma majina ya wachezaji saba waliokufa vitani. La nne lilikuwa la Casimir Etungano, kiungo, namba sita. Mtumbwi aliotarajiwa kupanda ulizama, na jezi yake ikaokotwa ufukweni. Nani angedai ushahidi zaidi? Byaombe akaandika. Namba sita haikuvaliwa tena.

Kila mwaka Riziki, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Casimir, alikuja kusimama kwenye mstari wa pembeni. Akishasikia jina la mwanawe, alirudi nyumbani. Mpira wenyewe hakuutazama. Alifanya hivyo mara kumi na tatu, hadi alipofariki mapema 2017.

Machi mwaka huu, mwanamume mwenye mvi alisimama mbele ya meza ya Byaombe sokoni. Fundi alidhani ni mteja, hadi alipomwita Yaya, yaani kaka mkubwa.

"Akaniuliza, 'Yaya Déo, mi nilikufaka siku gani?' Sindano ikanianguka."

Alikuwa Casimir. Mzima kabisa!

Mtumbwi ule hakuupanda. Nafasi yake alimpa mama mwenye kichanga, akamvulia jezi amfunikie mtoto, kisha akakimbia kwa miguu hadi Moba, kusini, akawa mkulima huko. Aliambiwa kwao hakubaki mtu, naye akaamini. Mwaka huu muuza samaki kutoka Baraka alimwona sokoni huko Moba, akapiga kelele: "We Casimir? Kule kwetu banakusomaka na bamarehemu!"

Mwandishi wa habari hii alilazimika kuweka kalamu chini. Miaka ishirini mama na mwana walikuwa hai, kwenye ufuko wa ziwa lilelile, kila mmoja akimlilia mwenzake. Ni jambo la kutisha, wala hakuna neno laini la kulisemea.

"Mi ndiye nilimuzika, na kalamu ya Bic," anasema Byaombe, macho kwenye majivu. "Kama singeandika, mama angetafuta."

Sasa hana usingizi kwa ajili ya majina sita yaliyobaki. Kabla ligi haijafunguliwa atakwenda Lubondja, Kilembwe, kisha ng'ambo ya ziwa kwenye kambi za wakimbizi, aulize jina moja moja. Viatu vyake vya safari amekwisha kuvishona.

Mstari wa nne wa daftari alitaka kuufuta siku ileile. Casimir alimshika mkono.

"Usiache pahali wazi, Yaya. Andika Riziki, mama ya Casimir. Yeye ndiye alikufa akiningoja. Siku utasoma, mi nitasimama pale alisimamaka."

Byaombe anajaza kopo lake majivu na kuuendea mstari wa pembeni. Huu anauchora polepole.