Naumwa Mgongo, Wanapiga Picha ya Kifua

Ndugu zangu wagonjwa, nimekuja hapa kwa miguu yangu miwili. Mimi ni Mugisha wa mtaa wa Mapendo. Nilikuwa mpasua mawe ya volkano kule Munigi, yale tunayojengea nyumba. Nilikuwa na nguvu za kuchosha nyundo.

Maumivu yalianzia katikati ya mgongo. Kwenye kituo cha afya, muuguzi hakunigusa. Alicheka tu: "Papa, mutu wa mawe anashangaa mugongo kuuma?" Akanipa vidonge.

Miezi ikapita. Nikakonda, usiku nikilowa jasho, mfupa ukatokeza mgongoni kama kifundo. Nikarudi. Wakanipiga picha ya eksirei, radio ya kifua. "Mapafu ni safi, Papa. Hauna kifua kikuu. Pumzika."

Hasira yangu iko hapo mpaka leo. Mkono wangu uko mgongoni, wao wanapiga kifua!

Asubuhi moja miguu ilikataa. Mkojo ulitoka bila mimi kujua. Mke wangu Furaha alinipeleka hospitali kubwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nimelazwa kama gunia la makaa. Akamwambia daktari: "Dokta, kifua sitaki tena! Bwana yangu anaumwa huku!"

Yule daktari alinipapasa mgongo mfupa kwa mfupa. Radio ya mgongo ikaonyesha mifupa miwili imeliwa, imelaliana. Akanieleza polepole: radio huona mfupa ukiisha kuharibika sana; mwanzoni yaweza isione kitu. IRM, ile mashine ya sumaku, ndiyo huona mapema, pamoja na neva, lakini sisi tulipata skana tu, eksirei ya vipande vipande. Ikaonyesha usaha unaobana neva za miguu, ikaongoza sindano ya kuutoa. "Picha inaonyesha uharibifu," alisema, "maabara ndiyo inataja mdudu." Maabara ikasema: kifua kikuu cha mgongo; kumbe mdudu huyo hula hata mfupa, mapafu yakiwa safi.

Nilimeza dawa mwaka mzima, sikuruka siku. Nilijifunza kutembea nikishika ukuta. Namshukuru Mungu, Furaha na daktari aliyenigusa. Nanyi msikate tamaa, ugonjwa huu unapona. Ila wekeni mkono panapouma, msiutoe mpaka mashine ifike hapo.

Juzi Mama Neema, mpasua mawe mwenzangu, alilalamika mgongo na jasho la usiku. Nikamsindikiza kituoni. Muuguzi ni yule yule. "Mama, mutu wa mawe..."

Nikavua shati, nikamgeuzia kifundo changu. "Na hili ni jiwe?"

Akakitazama kifundo. Kisha akainuka, akaweka mkono mgongoni mwa Mama Neema.