Namba ya Mlangoni Kwetu

Juzi nilitoka Ruti, hapa Mbarara ninakopanga, nikarudi Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kumzika shangazi aliyenilea. Nyumba yetu ya udongo bado imesimama, ila mlango ni mwingine, na ile namba ya rangi nyeupe waliyoipaka watu wa ofisi haipo tena. Lakini mimi nimeikariri, 104729, na nitakufa nayo.

Tulikuwa wawili tu, shangazi na mimi, tuliotoka pamoja Kivu ya Kusini, Kongo. Jioni alikuwa akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, au akipepeta maharage, huku jirani yetu mwalimu, Mrundi, akinifundisha hesabu bure kwenye vumbi mbele ya mlango. Vitabu hakuwa navyo, basi akaniambia niigawe namba ya kwetu. Mbili ilikataa. Nikajumlisha tarakimu zake, nikapata ishirini na tatu, kwa hiyo tatu nayo ikakataa. Saba ikabakiza mbili. Kumi na tatu ndiyo iliyoniuma, maana ilibakiza moja tu. Mwalimu alisema nisihangaike kupita 323, kwani 324 ikizidishwa kwa yenyewe inaipita namba yetu. Jioni nyingi zilikwenda hivyo, kijiti mkononi, magoti meupe kwa vumbi, hadi nikamaliza, na hakuna hata moja iliyoigawa.

Mwalimu alifurahi kweli. Yeye alisomea ukimbizini Tanzania, hesabu zake zilikuwa za Kiswahili. Za kwetu zilikuwa za Kifaransa. Akatangaza kwa sauti kwamba nyumba hii ina namba tasa.

Ungo ukanyamaza. Shangazi alifukuzwa na mume wake kwa neno hilohilo, akaja nalo Uganda akidhani huku hakuna anayelijua.

"Mwalimu," akasema polepole, "ata ku mulango baliniandikia?"

Maskini mwalimu, alihangaika. Akaeleza kuwa ndivyo inavyoitwa namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. "Ku Kifaransa banaiita *premier*, mama. Ya kwanza."

"Ungesema vile," shangazi akajibu, akainuka na maharage yake. Tangu siku ile akawa anapepetea nyuma ya nyumba, peke yake. Baadaye mwalimu alipelekwa nchi ya mbali na familia yake, na masomo yakaishia hapo.

Kwenye maziko, mchungaji alieleza maisha ya shangazi kwa kifupi, akasema hakuacha mtoto. Watu wakaguna kwa huruma. Nilitaka kumkatiza. Nikachota udongo, nikautupa wa kwanza, kabla ya watu wa ukoo, wala sikumwangalia mtu.

Kila niliposhuka kwenye gari hapa Ruti nilikuwa nampigia simu kumwambia nimefika. Safari hii nilishuka, nikaitoa simu, nikasimama nayo pale barabarani. Alikuwa hasalimii hata. Angeuliza tu, "Mutoto wangu, umekula?"

Hakuna tena wa kuniita hivyo.